Upepo Kwenye Breki ya Mbele

Kipawa. Jumatatu, 5 Septemba 1983

Aibu! Aibu yangu mie Albano, karani wa stoo, mtu mzima wa miaka thelathini na minne. Natoka kazini, namwona Nesi Filomena kasimama nje ya zahanati na gauni lake jeupe. Nikajisemea, leo nasimama mbele yake kiume. Nikabana breki ya mbele. Mkono wa breki ukaingia wote mpaka ukagusa usukani, na pikipiki ikaendelea na safari. Nimempita nesi huku nimeshaandaa tabasamu. Nimesimamia kwenye uzio wa makuti wa Bibi Rosalia, mwenye nyumba wangu. Bibi akauliza kama siku hizi mlango siuoni.

Fundi kasema breki imeingia upepo. Pikipiki ni ya Kijapani, ya mwaka 1974, niliuziwa na padre aliyerudi kwao. Breki yake ya mbele inatumia mafuta, na mafuta yakichanganyika na upepo unabana hewa tupu. Dawa yake ni kuutoa. Kazi ya watu wawili: mmoja anabana mkono wa breki, mwingine yuko chini gurudumuni anafungua na kufunga nati ya upepo. Robo saa tu, kasema. Nitaifanya nyumbani mwenyewe.

Jumanne, 6 Septemba

Mafuta ya breki hayapo mji mzima. Madukani kuna rafu na muuzaji, basi. Kamugisha, dereva wetu wa ofisini, kanipa kopo dogo, nami nikampa mche wangu wa sabuni wa mwezi huu. Nitaoga maji matupu. Anayependa hachagui.

Kumbe unatakiwa pia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uone vipovu vinavyotoka. Nani ana mpira kama huo Kipawa nzima? Nesi! Akili zangu nyingine hunitisha. Nikaenda anakoishi, nyumba ya tatu kutoka kwetu, nikapiga hodi, nikaomba mpira wa dripu uliokwisha kazi. Akauliza nani mgonjwa. Nikasema pikipiki. Akacheka! Akasema, haya kaka Albano, nitakuletea kesho.

Kaka. Bora angeniita jina lolote jingine, hata mjinga.

Jumatano, 7 Septemba

Kaja! Mpira kauchemsha kabisa, kana kwamba pikipiki itapata tetenasi. Bibi Rosalia akajitolea kubana breki. Nikamwambia mikono yake imefanya kazi miaka mingi, iache ipumzike. Akanitazama kwa jicho lile la kujua mambo, akaenda kupepeta mchele mahali anapoona vizuri.

Filomena akabana. Nikafungua nati. Mafuta yakapita kwenye mpira na vipovu vyake, yakaingia chupani. Nikafunga, nikamwambia achia. Tena. Tena. Hapo hapo akasema ni mambo ya sindano haya, kabla ya kumchoma mgonjwa unaitoa hewa kwanza. Kaelewa kabla sijamaliza kueleza! Vichwa vyetu vilikuwa karibu karibu. Ananukia dawa ya vidonda na karafuu. Sijawahi kutamani kuwa na kidonda namna hii.

Vipovu vikaanza kupungua. Nikashtuka. Robo saa ikiisha, si ndiyo basi, haji tena? Nikamwambia achia, kabla sijafunga nati. Upepo ukanyonywa ukarudi wote. Nikasikitika kwa sauti kubwa. Akasema basi, kesho tena.

KESHO TENA!

Alhamisi, 8 Septemba

Upepo bado, alhamdulillahi, kama wasemavyo jirani zangu. Leo tumezungumza habari za kwetu. Yeye Newala, mie Masasi. Kasema anakumbuka foleni ya maji alfajiri na harufu ya korosho zikichomwa. Mie harufu ile ile! Nikasahau kufunga nati, safari hii bila hila yoyote. Mafuta yakaruka mpaka kwenye tangi na rangi ikabanduka pale pale. Rangi nilipaka mwenyewe Pasaka. Sijali.

Kisha akaja Adelard. Msimamizi wa duka la ushirika, kaunda suti imepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni. Kampa Filomena sukari imefungwa kwenye gazeti. Sukari! Wakati sie wengine tunakunywa chai bila sukari mwezi wa pili. Akaniuliza kama nachimba kisima humo ndani ya pikipiki. Akaondoka anapiga mluzi. Nilikuwa na jibu zuri sana, limekuja alipokwisha kukata kona.

Ijumaa, 9 Septemba

Filomena kauliza kama breki itapona kufikia Jumapili. Anataka nimpeleke Chamazi kwa mjomba wake, Mzee Apolinari, afike asubuhi mapema. Jambo la ukoo, hakusema zaidi. Na lazima turudi kabla ya saa nane mchana, maana Jumapili baada ya hapo magari na pikipiki za watu binafsi ni marufuku barabarani. Nikasema niachie mie.

Ameondoka tu, Bibi Rosalia akanipa habari. Jumapili mshenga wa Adelard anakwenda Chamazi. Kwetu kusini mjomba ndiye mwenye neno. Yaani mrembo anakwenda kukubali posa, na mie ndiye nimbebe! Kwa petroli yangu! Thubutu. Breki hii haiponi ng'o.

Jumamosi, 10 Septemba

Nimeingiza upepo mara saba. Mara saba! Filomena anautazama mpira, hanitazami mie. Akasema mgonjwa mwenye hewa nyingi hivi angekuwa amekwisha kufa. Nikalaumu Wajapani.

Alipokuwa ananawa mikono akasema basi la Mbagala analijua, ila alipenda aende nami. Alisema hivyo. Nami. Nilitamani nipige magoti nifunge ile nati kwa meno. Lakini nikamwona Adelard kichwani, na kalamu zake tatu. Nikasema pole, dada Filomena, panda basi la Mbagala.

Jumapili, 11 Septemba

Kaondoka alfajiri. Basi la Mbagala, kisha kwa miguu mpaka Chamazi. Nimekwenda kanisani, nimeimba ubeti wa tatu wenzangu wakiwa wa pili. Mchana barabara ilikuwa tupu na pikipiki yangu imesimama uani. Nimemngoja kizingitini nikijifanya nasoma gazeti. Gazeti la mwezi wa saba.

Karudi saa kumi na moja, vumbi mpaka magotini. Hakunisalimia. Ni uchovu wa uchumba, nadhani.

Jumatatu, 12 Septemba

Nimeamka, nimetoa shikamoo kwa Bibi Rosalia. Badala ya marahaba kaniita mpumbavu.

Jana usiku Filomena kamweleza yote: alikwenda Chamazi KUKATAA. Kafika mchana, mshenga kesha kula wali, kesha ondoka, na mjomba alikuwa karibu kutoa neno. Kamwambia mjomba wake kuna mtu mwingine moyoni mwake. Mzee Apolinari akauliza mtu huyo yuko wapi, mbona hakuja. Kasema breki zake hazijapona. Mzee kacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema mshenga atajibiwa Jumapili ijayo. Huyo mwenye breki afike mwenyewe na binti kabla ya saa nne asubuhi. Asipofika, neno ni la Adelard, na hatarudia.

Huyo mwenye breki ni mie. Nimekaa juu ya ndoo, ndoo imepasuka.

Jumatano, 14 Septemba

Filomena kaja bila hodi. Kachukua spana mkononi mwangu, kaniambia nibane mie. Kafungua, kafunga, kaniambia achia. Robo saa kamili, mkono wa breki ukawa mgumu kama jiwe. Kasema hila yangu aliiona tangu Jumatano ile ya kwanza. Hewa ni kazi yake, anajua inaingilia wapi.

Akauliza kwa nini. Sikuwa na uongo wowote karibu. Nikasema nilitaka urudi kesho yake. Nikamuuliza, kama alijua, mbona alikuwa akija. Akafuta spana kwa kitambaa, akaifuta tena. Kisha akasema, "Nilidhani Jumamosi utaacha."

Imeniuma kuliko vumbi lile la magotini. Langoni akageuka, akasema, "Albano, ungeniambia tu." Albano! Kaka hakuna! Jumapili saa mbili asubuhi, kasema, niwe tayari.

Jumamosi, 17 Septemba

Kila kitu tayari. Breki inashika. Petroli ipo. Shati limepigwa pasi, na Kamugisha kanirudishia kipande cha sabuni, nimeoga mpaka nikang'aa. Kesho kabla ya saa nne niko mbele ya Mzee Apolinari. Nimejifunza, kweli nimejifunza. Hila si njia ya mtu mzima.

Ila jioni ni ndefu. Saa kumi na mbili imefika, saa yake ile, na uani hakuna mtu. Leo hana sababu ya kuja. Nimeweka kiti chake, nimekitoa. Nimebana breki peke yangu mara ishirini. Miezi yote niliyoishi hapa jioni zilikuwa hivi hivi, na sikujua kwamba ni upweke. Kesho atakuwa wangu labda. Lakini leo? Leo nifanyeje?

Nimemtuma Bibi Rosalia akamwambie kuna hitilafu ndogo kwenye klachi. Ndogo tu. Na isiwe uongo, nimefungua kaskrubu kamoja kanakoshika waya wake; bila hako pikipiki haiingii gia. Nakafunga baada ya mazungumzo, dakika mbili.

Anakuja, nasikia ndala zake. Kaskrubu kameniponyoka, kameingia mchangani na giza ndilo hilo. Si neno. Tutakatafuta wote wawili.