Naomba Ule Mti Mweupe

Leo nimeadhirika, jamani. Nimeadhirika katikati ya mji wa Mbeya, mchana kweupe, na kengele ya ng'ombe nilikwenda nayo mwenyewe. Tusekile, ukimaliza kusoma barua hii itie kwenye bahasha umtumie Agnesi huko Kalenga, maana sina nguvu ya kuiandika mara mbili.

Agnesi, wewe Mhehe hujui mambo yetu, kwa hiyo naanza na wewe. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto, yaani nkamwana, hamkaribii baba mkwe wake. Hamtazami, hasemi naye, hamgusi, na jina lake halitamki. Hata neno linalofanana na jina hilo analiacha, anatafuta jingine. Baba mkwe wangu anaitwa Fimbo. (Naona nimeliandika bila hata kutetemeka. Mtajua kwa nini.) Wiki aliyozaliwa, baba yake alikuwa amechapwa na Wajerumani, basi mtoto akapewa jina la kilichompata mzazi. Huu ni mwaka wa kumi na moja tangu niolewe, na neno hilo sijalitamka. Ya kuchungia naiita mti. Ya mwalimu naiita mti.

Mnajua mume wangu Ambokile alifariki mwaka juzi. Baada ya mazishi macho ya mzee yakaanza kuingia ukungu, na sasa hayaoni kabisa. Tumebaki watatu nyumbani: yeye, mimi, na Tumpe wangu wa miaka minane, ambaye ndiye aliyekuwa akimshika babu yake mkono. Mwaka huu serikali imesema kila mtoto aende shule, na Tumpe ameanza. Nilifurahi na nikalia siku hiyo hiyo. Tangu hapo chakula cha mzee nakiweka mlangoni kwake, nagonga kigoda mara mbili, nakimbia. (Msiseme haoni kwa hiyo mwiko umekwisha. Mawifi zangu, walioolewa jirani, wanaona.)

Wiki iliyopita alitumbukia mtaroni akielekea chooni. Nilikuwa nyuma ya jiko. Nikamwona anapapasa udongo akitafuta pa kushika, na sikwenda. Nilisimama na mikono yangu miwili mizima nikingoja jirani apite. Hapo msicheke.

Balozi wetu wa nyumba kumi ndiye aliyetuambia mkutanoni kwamba serikali inawapa wasioona ule mti mweupe wa kutembelea, bure, na kuna bwana wa kuwafundisha kuutumia. Ila mhusika mwenyewe afike ofisi ya serikali mjini. Akaniandikia barua. Balozi amejifunza kuandika mwaka huu huu kwenye darasa la watu wazima, kwa hiyo barua yake ni fupi: "Huyu mama anayo shida ya kweli. Asaidiwe."

Sasa tufikeje mjini kutoka Iyunga? Basi haliwezekani, tungebanwa kiti kimoja. Mkono siwezi kumshika. Nikachukua kengele ya ng'ombe (ng'ombe mwenyewe tulimla matangani kwa Ambokile), nikaifunga kiunoni, nikatangulia. Kila nikipiga hatua inalia, na mzee yuko nyuma yangu hatua kumi, anafuata sauti. Tumetembea hivyo asubuhi nzima. Mwenye baiskeli mmoja ameniuliza kama nakamuliwa asubuhi au jioni.

Ofisini, karani wa mapokezi amenitazama kiunoni akasema pale si zizini. Nimeifungua kengele nikaitia kikapuni. Tarishi amemketisha mzee kwenye benchi la nje, nami nikaingia.

"Unataka nini, mama?"

"Naomba ule mti mweupe."

"Mti?"

"Mweupe. Wa mzee wangu."

Kabla sijafika kwenye habari ya macho, ameshaninyooshea kidole mlango wa mwisho. Mlango wa mwisho ni wa bwana misitu. Ameisoma barua ya balozi, na nimeona kabisa imemgusa. Amesema miti anayo, mikaratusi, na ikikua gome lake linakuwa jeupe kama nilivyotaka. Nimesema ni kwa ajili ya mzee, haoni. Amesema kutoona hakumzuii mwananchi kupanda miti, na kwamba mzee wangu ni mfano wa kuigwa. Mnakumbuka masista walivyotufundisha shuleni sisi watatu: mkubwa akisema, unaitikia. Nimeitikia. Nimetoka na miche ishirini kikapuni. (Mtasema, si ungeliandika tu hilo neno kwenye karatasi? Hilo nimelikumbuka nikiwa njiani kurudi nyumbani. Msiniulize tena.)

Nimefika nje. Benchi tupu.

Barabarani kundi la ng'ombe wa wafugaji wa Usangu lilikuwa linapitishwa kwenda mnadani, mbele yao dume lenye kengele shingoni. Na nyuma ya ng'ombe wa mwisho, mkono mmoja mbele, kofia kichwani, anakwenda baba mkwe wangu. Anafuata kengele.

Halafu nikalisikia lori. Lilikuwa linashuka mteremko na mzigo wa kwenda Zambia, honi moja kwa moja. Ng'ombe wakatawanyika, kila mmoja na upande wake, mzee akabaki kwenye lami peke yake akigeuza sikio huku na huku. Nikaita, "Baba!" Wakageuka wanaume sita. Nikaita, "Mzee!" Wakageuka waliobaki. Nikachomoa kengele yangu kikapuni nikaitikisa kwa nguvu zote. Akageuka ndama.

Basi nikafumba macho, nikapiga ukelele: "Fimbo! Fimbo!"

Amesimama palepale. Lori limempita mbele ya kifua, upepo wake ukaondoka na kofia. Angeongeza hatua moja tu, ningekuwa nawaandikia barua nyingine.

Lakini mji nao umesikia. Mwanamke akilia fimbo, fimbo, watu wanajua jambo moja tu: kuna nyoka. Wamekuja mbio. Mzee wa duka la chai na bakora yake, mgambo na rungu, mama muuza ndizi na mwiko, fundi baiskeli na pampu. Wote wananiuliza yuko wapi. Nami, kwa akili niliyobaki nayo, nikanyoosha kidole, na kidole kikaangukia kwa mzee. Mgambo akamtazama, akanitazama, rungu lingali juu. Ikabidi niseme mbele yao wote kwamba ndiye huyo, Fimbo ndilo jina lake, na ni baba mkwe wangu. Wanyakyusa waliokuwepo wakashika midomo. Wengine wakaangua kicheko mpaka fundi akakalia pampu yake.

Nilikuwa natafuta mtaro wa kuingia mimi sasa. Ndipo mzee akaugeuza uso upande niliko, akasema kwa lugha yetu, polepole:

"Kengele ilikuwa inakwenda mbio. Nikajua nkamwana amechoka nami. Nikasema nitaifuata hivyo hivyo mpaka nianguke."

Wanaojua lugha yetu wakawatafsiria wengine, na rungu la mgambo likashuka. Miaka kumi na moja, hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu.

"Sijachoka, baba," nikasema. Hayo ndiyo yangu ya kwanza kwake, na nimelia nikiyasema, kwa sauti, mbele ya mgambo.

Fundi baiskeli ameokota kofia akaikung'uta. Karani naye, ambaye alikuwa dirishani muda wote, ametoka akaniuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo kwamba nilitaka fimbo nyeupe. Nimemwonyesha miche. Amesema turudi Jumatatu, afisa anayehusika yuko safarini Iringa, na mzee atapimwa urefu ili apewe ya kimo chake.

Tukaanza safari ya kurudi. Nilipoishika kengele nijifunge, mzee akasema niiache kikapuni. "Wewe zungumza tu, nitafuata."

Nizungumze nini? Nikaanza na miche, nikamweleza bwana misitu alivyomsifu. Halafu, hata sijui ilikujaje, nikajikuta namweleza habari za Ambokile. Miaka miwili tumemlia katika nyumba mbili zenye uwanja mmoja, kila mtu na kimya chake. Mimi ndiye niliyekuwa naye hospitali siku ile, na mzee hakuwa na njia ya kuniuliza. Basi nimemwambia yote, alivyoomba maji, alivyomtaja baba yake. Sikugeuka nyuma. Nilisikia hatua tu. Zilisimama mara moja, nikasimama. Zilipoanza tena nikaendelea kusema mpaka Iyunga.

Uwanjani tumemkuta wifi yangu mkubwa, mikono kiunoni. Habari imepanda basi, imefika kabla yetu. Ameuliza kama ni kweli nimelitamka jina la baba yake mbele ya umati. Nikainamisha kichwa, nikijua mambo yangu yamekwisha, labda nifungashe nirudi kwetu.

Mzee ametafuta kigoda chake kwa mguu, akakaa.

"Kulikuwa na nyoka," akasema. "Nkamwana alikuwa anaomba fimbo."

"Nyoka gani, baba?"

"Mkubwa sana. Ila mimi sikumwona."

Wifi ameondoka. Tumpe yuko nje anapanda miche, na babu yake anamwelekeza. Kwa hiyo Tusekile, Agnesi, chekeni taratibu, na mtu yeyote akiwauliza, alikuwa nyoka.

Wenu,
Subilaga