Kula Mia Mbili na Kumi na Mbili

Mkoa mzima wa Ziwa Magharibi haukuwa na mtu aliyekijua Kiswahili kama Mwalimu Privatus. Msibishe! Alisema mwenyewe, tena kila siku, tena kabla ya kuulizwa.

Alikuwa na shahada moja, akaiona haimtoshi, kama mtu mwenye kiatu kimoja. Mwaka huo wa 1976 alikuwa Nyabusozi akisimamia kisomo cha watu wazima, na aliomba arudi Chuo Kikuu kusomea shahada ya pili. Mada yake: matamshi bora ya Kiswahili.

Kulikuwa na kasoro moja ndogo. Privatus alizaliwa Keza, kule Ngara, na alipofika seminari wenzake walimcheka aliposema "kurara" badala ya kulala. Akaapa kuifukuza r kinywani mwake. Aliifukuza yote, hata ile iliyokuwa na haki ya kukaa! Tangu hapo akajiita Plivatus, kwa kishindo, na masikio yake hayakuona tatizo.

Siku hizo shahada peke yake haikumvusha mtu. Ilitakiwa barua ya tawi la Chama, ieleze mwombaji anaishije na wanakijiji. Hapo Privatus alikuwa na wasiwasi kidogo, kwa sababu kwenye shamba la pamoja alionekana saa saba tu, chungu kinapoepuliwa.

"Andika mwenyewe, mwalimu," alisema Mwenyekiti Theonest, jembe begani. "Mimi nitagonga muhuri."

Privatus akaenda mbio hadi kwa Deodata, karani wa kijiji, binti mpole aliyeogopa watu lakini hakuogopa mashine ya kupiga chapa.

"Andika! Maplofesa wanapima balua ya tawi kama pamba kwenye mizani. Lazima iwe nzito. Andika: katika kijiji hiki hakuna anayemshinda Ndugu Plivatus kwa kula."

Vidole vya Deodata vikasimama hewani.

"Kula, mwalimu? Au kura?"

"Ndiyo, kula! Si nilichaguliwa katibu wa utamaduni? Andika: kwa siku moja alipata kula mia mbili na kumi na mbili."

"Mwalimu, samahani. Hiyo ni ya r au ya l?"

"Wee Deodata! Kati yangu na wewe, nani ana shahada? Andika kama unavyosikia!"

Deodata akaandika kama alivyosikia. Ila jina "Privatus" alilinyoosha kimyakimya, kwa kuwa hilo halikuwa na maana nyingine.

"Malizia: wananchi wote ni mashahidi kwamba kila penye kula, yeye ni wa kwanza."

Jioni Theonest akaisoma barua neno kwa neno, kidole chini ya mstari, kama alivyofundishwa kwenye kisomo cha Privatus mwenyewe. Alipofika mwisho akavua kofia.

"Mwalimu, sijawahi kuona mtu anajisema ukweli namna hii. Hata mimi ningeona haya kuuandika."

Akagonga muhuri. Mara mbili!

Kuanzia hapo Privatus alikuwa Nyabusozi kwa mwili tu. Kitanda akakigawa. Jembe akampa Theonest. "Nitalifanyia nini?" akasema. "Shahada ya pili hailimwi." Jibu lilipofika kwa basi kutoka Biharamulo, alikataa kuifungua bahasha. Hapana! Ingefunguliwa mbele ya umma, kwenye sherehe ya kumuaga.

Mbuzi akachinjwa uani kwa Theonest. Mama Rozalia, mkuu wa wapishi, akampakulia mgeni rasmi kilima cha ndizi na paja zima juu yake, kama bendera.

"Shikamoo, mama. Ongeza mchuzi."

"Marahaba. Soma kwanza, baba. Wote tunakungoja wewe."

Privatus akasimama, akachana bahasha, akasoma kwa sauti ya redio:

"Ndugu, kamati ya kuchagua wanafunzi imejadili maombi yako. Katika miaka yote, haijapata balua ya tawi yenye ukweli kama hii."

Makofi! Vigelegele! Theonest akainua mkono, kwa vile muhuri ulikuwa wake.

"Kamati ilitafakali sana kipaji chako. Mwishowe wajumbe walipiga kula..."

"Na wao!" mtu akanong'ona.

"...na kwa masikitiko tunakujulisha kwamba wewe hukupata kula hata moja."

Mbuzi aliyebaki hai alisikika akitafuna.

Mama Rozalia akajifuta mikono kwenye kanga, akasogea taratibu, akaiondoa sahani mbele ya Privatus, na paja lake.

"Mama! Unafanya nini?"

"Umesoma mwenyewe, baba. Hukupata hata moja. Mimi ni nani nipingane na Chuo Kikuu?"

"Siyo kula! Ni kura! Ku-rrrra!"

Iliunguruma kama trekta. R yake ya kwanza tangu seminari, safi, imenyooka, ya kustahili shahada hata tatu. Deodata aliinamisha uso, mabega yakamtikisika.

Lakini paja lilikuwa limeshafika meza ya wapishi. Theonest akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na lile jembe alilopewa, akamkabidhi Privatus kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Kesho shamba la pamoja, mwalimu. Saa moja asubuhi. Si saa saba."