Ombi la Kupunguzwa kwa Kanisa Kuu

Kwa Mheshimiwa Meya,

YAH: KUPUNGUZWA KWA KANISA KUU LETU

Kwanza pokea heshima zangu. Mimi ni Bernadette Cousseau, mjane wa Aimé Cousseau, yule fundi saa wa mtaa wa nyuma ya kanisa. Nimeishi kwenye kivuli cha kanisa hilo miaka arobaini na nane na sijawahi kuisumbua ofisi yako, isipokuwa ile barua ya njiwa na zile mbili za kengele. Leo uvumilivu umenishinda.

Jumamosi iliyopita wifi yangu Ghislaine, dada wa marehemu, alikuja kwa treni ya saa nne asubuhi. Mheshimiwa, tulikuwa hatujasemezana miaka sita, tangu siku ya mazishi, aliponiambia mbele ya padri kwamba nimemzika kaka yake na tai aliyoichukia. Nami nilimjibu, na nilichomjibu hakiandikiki kwa meya. Yeye hana ndugu mwingine, na mimi sina mtu mwingine wa kukaa naye nikamzungumzia Aimé. Basi nikapanga: saa tano tutembezwe kanisani kidogo, saa sita na nusu tuwe mezani kwenye mgahawa wa Kwa Josette, tule ulimi wa ng'ombe, jibini la mbuzi, mvinyo kidogo, na kabla ya kahawa tuwe tumepatana. Hapa kwetu, kama ujuavyo, hakuna ugomvi uliowahi kumalizwa kwa tumbo tupu. Kanisa limeuvuruga mpango huo kama ifuatavyo:

1. Sanamu ni nyingi mno. Mwongoza wageni wetu, Bwana Prosper Delaunay, mwalimu mstaafu wa Kilatini, hana kosa. Amekuta milango mitano, akaieleza yote mitano. Saa sita ilitukuta bado tuko nje, kwenye mlango wa Siku ya Hukumu, tukitazama mashetani wakichochea moto chini ya chungu cha wenye dhambi. Wifi akaninong'oneza, "Angalau hao jiko lao limewashwa." Sikujua kama ni mzaha au ni shutuma.

2. Vioo vya rangi. Kumbe vilitolewa zamani na vyama vya mafundi, na kila chama kikajichora kikiwa kazini. Kwa nusu saa nzima, matumbo yakinguruma, tulionyeshwa waokaji wakitoa mikate tanuruni, wauza nyama wakikata mbavu na wauza samaki wakipanga samaki. "Hivi wifi, nyinyi huku wageni mnawalisha kwa macho?" alisema, na safari hii hakunong'ona. Waholanzi wawili wasiojua lugha yetu walicheka. Naomba vioo vyote vyenye chakula vifunikwe kwa turubai kuanzia saa tano na nusu hadi saa nane.

3. Mnara. Ngazi mia tatu tisini na sita. Utauliza kwa nini hatukuondoka. Mheshimiwa, mtu aliyelelewa haondoki mwenzake akiwa katikati ya kusimulia karne. Isitoshe, Bwana Delaunay huufunga mlango kwa ufunguo nyuma ya kundi. Kule juu alituonyesha mto na bonde. Mimi nilichokiona ni Kwa Josette. Niliiona meza yetu chini ya mwavuli. Niliwaona na watu waliokalishwa kwenye meza yetu, wakipakuliwa chakula. Kisha kengele ikagonga saa nane, hatua mbili kutoka masikioni mwetu.

4. Tulifika Kwa Josette saa nane na dakika kumi na saba. "Bernadette shoga yangu, jiko limefungwa. Ungekuwa umekuja na Papa mwenyewe ningemwambia hivyo hivyo." Ni mimi niliyemsimamia binti yake ubatizo, lakini simlaumu. Saa nane ni saa nane. Namlaumu aliyejenga.

5. Tulikula mkate wenye paja la nguruwe na siagi, tumeketi kwenye ngazi za kanisa mbele za watu, na muda wote huo wifi hakutamka neno. Stesheni aliniambia tu, "Haya wifi, mji wenu nimeuona," akapanda treni. Mgeni njoo mwenyeji apone, husema watu. Mimi nimebaki mgonjwa. Husema pia adui mwombee njaa. Lakini mimi huyu nilitaka aache kuwa adui! Siku ya tano leo simu haijalia, na nina miaka sabini na moja. Sina miaka sita mingine ya kununa.

Kwa hiyo naomba kanisa lipunguzwe theluthi moja. Sisemi libomolewe, mimi si mtu wa ghasia. Katika milango ubaki mmoja tu, ule wa Hukumu, kwa kuwa hukumu yenyewe ni moja. Mitume wabaki, ila wale manabii ambao hata Bwana Delaunay huwachanganya watafutiwe nafasi makumbusho. Mnara ukatwe kwenye ngazi ya mia. Karne zitakazozidi wagawiwe majirani zetu wa bondeni, ambao hawana hata moja. Hayo yakishindikana, basi adhuhuri isogezwe mbele. Nisipojibiwa nitahamia kwa Waprotestanti, ambao kuta zao ni tupu na hula kwa wakati.

Nakuaga kwa heshima iliyo ndefu kuliko mnara wenyewe. Nisalimie mkeo, naibu wako, karani wa dirisha la pili, na mbwa wako, ambaye Jumamosi nilimwona kutoka juu akila chakula chake cha mchana bila bughudha.

Wako mtiifu, kwa sasa,
Bernadette Cousseau

Baada ya sahihi: Posta imeleta barua ya Ghislaine sasa hivi. Anasema alikuja na karatasi mkobani, makosa yangu kumi na moja, anisomee Kwa Josette baada ya jibini, kisha asirudi tena. Lakini hakupata meza ya kuikunjulia. Na kule mnarani, upepo ulipovuma, nilimshika mkono nikasahau kuuachia, na tangu kaka yake afe hajashikwa mkono na mtu. Mkate aliula kimya kwa sababu alikuwa akilia na hakutaka nimwone. Mimi sikumwona kwa sababu nilikuwa nimegeukia upande wa pili, nikilia vilevile. Anarudi Alhamisi ijayo. Anataka tuone na kanisa la chini ya ardhi, ambalo huchukua saa moja na nusu zaidi. Stempu nimekwisha kuibandika, kwa hiyo barua naituma hivyo hivyo, ila nakuomba usimguse nabii hata mmoja. Na kama kuna sanamu mmezificha ghalani, zitoeni.