Nguruwe Aitwaye Sikujua

Jumapili, 7 Septemba

Mke wangu kaondoka asubuhi. Mama yake anaumwa. Kaniachia maagizo mlangoni, kayarudia, kama mtoto anayetumwa dukani. Nguruwe apewe maji asubuhi, mchana na jioni. Jua likiwa kali amwagiwe mgongoni. Zaidi ya hapo nisifanye kitu. Hasa, kasema, nisipate wazo lolote.

Nguruwe tuliyenaye ni mmoja tu, jike, ana mimba kubwa. Anaitwa Sikujua. Jina kampa mke wangu, mwaka ule ndugu zake wote walipofia bandani na mimi nikaulizwa ilikuwaje. Huyu alibaki, mke wangu akamlea kwa chupa kando ya meko mpaka akawa nguruwe wa kueleweka. Mke wangu akipita uani, Sikujua yuko nyuma yake. Mimi hanifuati.

Na kasema jambo jingine, taratibu, huku anafunga mkoba. Akirudi akute Sikujua amekufa kwa ujanja wangu, mkoba haufungui. Anageuka nao. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Mvua hakuna. Kisima chetu kilibaki tope, sasa hata tope limekuwa vumbi.

Jumatatu, 8 Septemba

Pampu iko mbali, na katikati pana kilima. Nimekwenda na baiskeli na madumu mawili. Foleni! Madumu yamejipanga, wenyewe wamejilalia kivulini. Nikajaribu kusogeza la kwangu mbele kwa mguu, kidogo kidogo. Mama mmoja akaniambia nilirudishe lilikokuwa. Hata macho hakufumbua.

Jirani yangu Miwani kanipita na mkokoteni wa punda, mapipa yamejaa pomoni. Kanisalimia kwa heshima zote. Simpendi. Mtu mwenye maji akikusalimia vizuri hivyo, ana lake jambo.

Kuteremka kilima, pancha. Nikaenda chini, dumu moja likapasuka. Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Nimejaribu. Kweli hayazoleki. Dumu lililobaki kanywa Sikujua, akanitazama kama vile ndiyo kwanza nimeanza kumimina. Mgongo unaniuma.

Jumanne, 9 Septemba

Nina wazo!

Bafu la Miwani linatoa maji nyuma, karibu kabisa na uzio wetu. Pale udongo umelowa na majani ni mabichi. Nguruwe hatoki jasho, anataka tope, mke wangu anasema hivyo kila siku. Sasa kwa nini mimi nibebe maji kumpelekea nguruwe, wakati nguruwe mwenyewe ana miguu minne? Nikang'oa ubao mmoja wa uzio.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Sikujua akajitupa topeni, akafumba macho, akakoroma kwa raha. Nikajiona mume wa mfano. Kisha akafumbua macho akaona maboga. Miwani ana maboga. Alikuwa nayo.

Miwani karudi. Nilijua nitatukanwa, nikawa nimeshayaandaa na ya kwangu. Wapi! Kavua miwani, kaipangusa, kasema jirani, kama huna maji sema, nitakuletea pipa kila siku, nguruwe mwenye mimba si wa kufanyiwa mzaha. Mbele ya mkewe! Nikamwambia asante, kwetu maji yapo tele, huyu katoka kunyoosha miguu tu. Nikamrudisha kwa kumvuta sikio, nikagongomea ubao. Niombe maji kwa Miwani? Labda nikifa.

Jumatano, 10 Septemba

Leo pampu imefungwa, inapumzishwa. Nimerudi na madumu makavu.

Mke wangu kapiga simu. Mama hajambo kidogo, kala uji. Kauliza Sikujua kanywa? Nikasema kanywa. Na mchana? Na mchana. Kamwagiwa? Nikasema kamwagiwa mpaka anatetemeka kwa baridi. Kisha kasema ameota vibaya, nimpelekee simu bandani amsikie.

Nikaipeleka. Sikujua kusikia ile sauti akainuka, tumbo linaburuza chini, akaanza kuizunguka simu akimtafuta. Akanusa mkono wangu. Akatazama mlangoni. Nimejisikia vibaya, sifichi. Nilitaka kumwambia mke wangu kwamba hata mimi namtafuta, lakini maneno kama hayo kwangu hutoka kwa shida, na kabla hayajatoka simu ikakatika.

Nimempa Sikujua maji yangu ya kunawia. Kidogo yale. Pipa la Miwani nililiona kwa juu ya uzio, limejaa. Nikageuza uso.

Alhamisi, 11 Septemba

Mkutano wa maji leo. Wanachagua kamati. Na mjumbe wa kamati hapangi foleni, nani asiyejua! Hili sasa ni wazo la kudumu. Nikavaa koti la harusi yangu, la mtumba. Linabana, lakini limebana watu wakubwa kuliko mimi.

Sikujua nikamwachia shemeji, mume wa dada yangu. Mtu mwema sana, ila hapendi kuona chupa imejaa. Nimefika mkutanoni ndipo nakumbuka sikumpa maagizo. Nikampigia. Mwenyekiti alikuwa keshanikazia macho, kwa hiyo nikakata maneno, tena nikatumia lugha ya shemeji mwenyewe ili anielewe upesi. Nikamwambia nikirudi nimkute huyo mama kapiga maji ya kutosha.

Akaitikia kwa furaha. Ile furaha ilitakiwa kunishtua.

Shemeji anasema aliyakagua madumu yote, akayakuta makavu, akajiuliza nimekusudia maji gani. Hakujiuliza sana. Kwake kupiga maji kuna maana moja tu tangu ujana wake. Akaenda kwa mama mpika pombe, akanunua ndoo nzima kwa pesa yake mwenyewe, akaomba na machicha ya nyongeza, kwa sababu, anasema, mjamzito ni wa kubembelezwa. Nguruwe mwenye kiu hachagui. Akaimaliza, akalamba na ndoo.

Nimerudi nikakuta Sikujua anaimba na shemeji anaitikia. Nimeshika kichwa. Nikauliza ni nini hiki. Shemeji akasema, si ulivyoagiza?

Kwenye kamati kachaguliwa Miwani.

Ijumaa, 12 Septemba

Sikujua hakuamka. Kalala ubavu, masikio ya moto, anahema juu juu. Jua lilipopanda akaanza kuzaa, kabla ya siku zake. Shemeji akakimbia kumwita daktari wa mifugo.

Daktari kauliza amekunywa nini. Nikasema maji. Shemeji, kofia mkononi, akasema ndiyo, maji, na akataja ni maji ya mama yupi. Daktari hakucheka. Kasema mnyama mwenye afya angelewa, angelala, angeamka. Huyu pombe imemkausha hata kile kidogo alichokuwa nacho, kwa sababu ana kiu tangu juzi. Aliposema juzi akanitazama.

Miwani kaja na pipa. Hakuitwa. Kapiga magoti kwenye samadi, kalowesha kitambaa, akawa anampangusa masikio na kumsemesha kwa sauti ya chini. Mimi nilishika kichwa chake. Watoto wakatoka mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyelia. Kila mmoja nilisema huyu sasa, huyu atalia. Mwisho nikalia mimi, mbele ya Miwani, na yeye akajifanya anakamua kitambaa.

Jioni Sikujua kainua kichwa, kanywa. Yu hai. Kama atazaa tena, daktari hawezi kuahidi. Shemeji kawazika watoto nyuma ya banda. Ardhi ngumu, kavunja mpini wa jembe.

Jumamosi, 13 Septemba

Mke wangu karudi. Nani kamwambia? Miwani, nani tena. Hakunisalimia. Kapitiliza bandani na mkoba begani, kakaa kwenye majani na nguo zake za safari, kichwa cha nguruwe mapajani.

Nilikuwa na maelezo marefu. Ukame. Kamati. Kiswahili chetu, jinsi neno moja linavyobeba mizigo miwili. Kauliza ilikuwaje. Nikafungua mdomo, likatoka moja tu. Sikujua.

Nguruwe akainua sikio, akidhani anaitwa.



Angenitukana ningepata nafuu. Shemeji kaomba radhi, kasamehewa papo hapo, kaambiwa wewe ulitumwa. Kwangu kasema Sikujua hakufa, analijua hilo, nisimwambie eti sharti lake halikutimia. Ila amechoka kuniachia kitu chochote kinachopumua. Yeye na Miwani wakampandisha Sikujua kwenye mkokoteni, aende naye kwa mama yake, wakamfunika magunia yaliyoloweshwa. Mkoba hakuufungua. Nikauliza atarudi lini. Kasema niiulize mvua.

Nimesimama barabarani mpaka vumbi la mkokoteni likatulia.

Jumapili, 14 Septemba

Nyumba kimya. Nimepika chakula cha watu wawili, kwa mazoea. Nimekula cha mmoja. Kingine ningempa nguruwe. Namkumbuka mke wangu mpaka kifua kinauma. Nimejilaza mchana, nimetazama paa muda mrefu.

Na hapo hapo, wazo!

Kosa halikuwa langu. Kosa ni la mnyama. Nguruwe yuko huku, maji yako kule, lazima katikati awepo mtu, na mtu ndiye anayeharibu. Lakini samaki! Nani aliwahi kumpelekea samaki maji? Samaki anakaa humo humo. Jua halimsumbui, boga la jirani halimhusu. Mke wangu akisikia nafuga samaki atakuja mwenyewe, na atakuta mume aliyebadilika. Nimekwisha kumuona akikaa pembeni ya bwawa, miguu majini, ananicheka kama zamani.

Shemeji kaafiki. Kaja na jembe, kaazima kwa Miwani. Tumechimba nyuma ya jiko mpaka jua limezama. Shimo safi, pana, linanifika kiunoni, kingo zimenyooka. Shemeji alitaka kuuliza swali, nikamwambia asinitie mkosi, mambo huenda kwa hatua. Kazi kubwa imekwisha. Limebaki jambo dogo tu, maji.