Saa Nane na Dakika Arobaini

Jumatatu, 8 Septemba

Leo kijiji chetu cha Mungaa kimepata barua! Kikundi chetu cha wafuga nyuki kimealikwa kuonyesha asali Istanbul, Berlin na Dubai. Wafadhili wanagharamia kila kitu. Nafasi ni tatu: Mama Luciana mwenyekiti, Paschal mweka hazina, na mimi, Andrea, katibu. Kikao kikanikabidhi mpango mzima, ndege na usafiri wa hukohuko, kwa kuwa nina mwandiko mzuri. Usoni nilijifanya nimeelemewa. Moyoni nilicheza.

Kasoro ni moja. Paschal. Mwaka 2019 alipanda ndege kutoka Dodoma hadi Dar. Muda mfupi kuliko ibada! Tangu siku hiyo hatujapumua. Hata kwenye bodaboda anauliza mkanda uko wapi. Leo kanishauri mbele ya watu nisiogope masikio yakiziba, kisha kanipa pipi ya kumumunya angani. Nina miaka hamsini na moja, sijawahi kupanda ndege, na jambo hilo linaniuma kuliko ninavyoonyesha. Naapa, nikirudi atanyamaza yeye nisimulie mimi.

Pipi nimeila. Ya mnanaa.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeazima atlasi ya shule. Istanbul na Berlin ziko ukurasa mmoja! Nimepima kwa rula, sentimita nne. Mungaa hadi Mtinko kwenye ramani ya mkoa ni zaidi ya hapo, na watu huenda na kurudi siku moja. Kwa hiyo hapo katikati tutapanda basi, tutoke alfajiri, mchana tule Berlin. Mke wangu Marietha akauliza stendi ya Istanbul iko wapi kwenye hiyo rula. Nikafunga atlasi. Mambo ya kitaalamu.

Jumatano, 10 Septemba

Singida mjini, kwa Viral, mjukuu wa Mzee Ladha wa vitambaa. Anakata tiketi za ndege palepale kwenye kona ya duka la babu yake. Aliniamkia vizuri, shikamoo na nini. Akaingia bibi mmoja kuuliza kitambaa, Viral akaongea naye Kinyaturu kilichonyooka kuliko changu.

Basi langu alilicheka hadi akashika kaunta. Kasema ni siku mbili na mipaka kadhaa. Haya, ndege. Kasema ile ya kwanza inaondoka Dar Jumanne ya tarehe 16, saa nane na dakika arobaini. Akataka kuongeza neno. Nikamkatiza, nikamwambia nimeelewa, mimi si mtoto.

Nyumbani nikakagua tiketi. Imeandikwa 02:40. Hapo ndipo akili ya katibu inapohitajika! Viral ni Mhindi, na Wahindi wa madukani huhesabu saa za Kiingereza. Akisema nane, maana yake mbili yetu. Saa mbili na dakika arobaini asubuhi. Natazama karatasi: mbili, na arobaini! Mashahidi wawili, neno moja. Mtu mwingine angechanganyikiwa.

Alhamisi, 11 Septemba

Njama imezaliwa nikipiga mswaki. Nitamwambia Paschal ndege inaondoka saa nane USIKU! Kwamba maboksi ya asali hukaguliwa mapema, hivyo awe uwanjani Jumatatu saa tano usiku. Akeshe kwenye benchi na mbu. Asubuhi mimi niingie nimeoga, na koti, nimkute macho mekundu na shingo imepinda. Angani atalala tu, dirisha litakuwa langu.

Nimemwendea mchana. Akaitazama tiketi yake, akaitikia kwa kichwa, akasema naam, ndivyo ilivyoandikwa. Nusura nicheke. Mjuaji hudanganyika bila kumtoa mtu jasho.

Jumapili, 14 Septemba

Mambo yameingia doa. Nilipanga Mama Luciana aje na mimi kesho, kwa raha zetu. Leo baada ya misa katangaza kwamba asali ya kikundi haiachiwi mtu mmoja, hata awe Paschal, kwa hiyo wanatangulia wote wawili. Nikamwambia mama, usiku una baridi. Akasema Berlin ina baridi zaidi. Nikamwambia mbu. Akasema mbu anawajua.

Ningesema ukweli, lakini Paschal alikuwa amesimama palepale. Roho imeniuma, mama wa watu kukeshea utani wangu. Nimempa mto wangu wa shingo, ule mpya, sijaulalia hata mara moja. Akanibariki mbele ya watu. Nikaangalia chini.

Jumatatu, 15 Septemba

Safari! Basi la alfajiri hadi Dodoma, treni ya umeme hadi Dar. Mpango wangu umekwenda kama sindano kwenye kitambaa. Nimepata gesti karibu na uwanja wa ndege, nimenyoosha koti.

Saa mbili usiku Paschal akapiga simu. Sikupokea. Akapiga tena. Mbu wameanza kazi! Anataka kunililia. Alie. Nimezima simu, nalala kama mtu mwenye tiketi.

Jumanne, 16 Septemba

Nilifika uwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nanukia sabuni. Askari wa mlangoni akaisoma tiketi yangu, akanitazama, akaisoma tena. Akaniuliza kwa upole, baba, wewe ni wa Jumanne hii au ya wiki ijayo?

Imeondoka. Saa nane na dakika arobaini usiku. Na Paschal yumo. Na Mama Luciana yumo. Na mto wangu umo!

Nikawasha simu. Wamenipigia mara thelathini na moja. Ujumbe wa Mama Luciana unasema mwanangu uko wapi, wanafunga mlango. Wa Paschal ndio umenimaliza. Ananiomba msamaha. Anasema nilipomtajia saa alidhani namtega, akaenda kwa Viral kuhakikisha, akakuta nimesema kweli tupu, na tangu leo ananiheshimu.

Nikampigia Viral. Kasema ukikosa ndege ya kwanza, na nyingine zote kwenye tiketi hiyo zinafutwa. Istanbul, Berlin, Dubai, zote kwa mkupuo. Akasema siku ile alitaka kuongeza neno moja tu, usiku.

Nilikaa kwenye benchi nikalia. Machozi ya kweli. Ndege ikaruka juu ya paa, nikaipungia mkono, sijui kwa nini.

Alhamisi, 18 Septemba

Mungaa sirudi! Nimeshuka Kintinku kwa dada yangu Amne. Nitajificha hadi wenzangu warudi, niungane nao stendi ya Singida, nionekane nimeshuka pamoja nao. Mama Luciana nitamwangukia miguuni, atanificha. Nimemtumia Marietha ujumbe kwamba Istanbul ni pazuri ila watu ni wengi.

Marietha kajibu anashukuru Mungu kwa kunifikisha salama. Kisha akaniomba, nikimaliza kuzunguka Istanbul, nimsalimie wifi yake Amne, na nisisahau kumsaidia kuchota maji. Kumbe Mama Luciana alipiga simu Mungaa kabla hata ndege haijaruka, kuuliza kama niko hai, na Amne naye alishamwambia niko kwake.

Jumapili, 21 Septemba

Nimerudi nyumbani. Kanisani kila mtu kaniuliza kama masikio yaliziba.

Jumamosi, 27 Septemba

Habari kubwa. Asali yetu imepata mnunuzi Berlin! Paschal ndiye aliyeshika kipaza sauti. Kipaza sauti changu, mimi katibu! Lakini Mama Luciana, Mungu amzidishie, bado ananiamini. Kanitumia ujumbe kwamba Jumatatu watafika stendi ya Singida saa tisa na robo, niandae mapokezi na ngoma, na nitoe neno la kuwakaribisha.

Hapa nimetulia. Sirudii kosa la Viral. Nimejiuliza, anayesema ni nani? Ni mtu aliyekaa Ulaya na Uarabuni karibu wiki mbili. Aliyekula na Wajerumani hahesabu tena saa za Mungaa. Tisa yake ni tatu yetu. Saa tatu na robo asubuhi! Paschal kapiga simu mara mbili, eti anataka kunifafanulia saa. Sikupokea. Mtu akishapanda ndege mara mbili tatu, anadhani sisi wengine hatujui kusoma saa.

Nimewaambia wapiga ngoma, kwaya na mwenye spika wawe stendi Jumatatu saa mbili asubuhi, tumbo tupu, wali utaliwa wageni wakishashuka. Nimemnunulia Paschal pipi ya mnanaa, nitamkabidhi hadharani. Atakayechelewa asinilaumu.