Ukombozi wa Faiba, Bweni la Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Ndugu wapiganaji, wenzangu katika dhiki na foleni! Nawahutubia humu daftarini kwa kuwa ukumbini nilinyimwa kipaza sauti. Mshauri wa wanafunzi ametangaza kwamba mabweni yataunganishwa intaneti ya faiba kwa zamu. Bweni la Pili: Alhamisi. Bweni la Tatu, ambalo nilichaguliwa kuliongoza kwa kura sitini na mbili: Jumatatu ijayo. Nikasimama, nikauliza ni kwa falsafa ipi jambo hili limeamuliwa. Akajibu kwamba mbili hutangulia tatu. Ukumbi ukacheka. Kicheko ni ngao ya watawala walioishiwa hoja.

Sababu halisi naijua. Mwenyekiti wa Bweni la Pili, tunayemwita Itifaki, aliandika barua. Barua ya unyenyekevu, ukurasa mmoja, yenye "naomba kuwasilisha". Mimi nilipeleka tamko la kurasa tisa. Dalili zote zaonyesha halikusomwa.

Wala hili si suala la fahari. Mpole, mwenzangu wa chumba, ana usaili wa ufadhili wa shahada ya uzamili siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, kwa video. Wameitwa watano kati ya mia tatu. Mwakani umri utakuwa umemtupa nje. Na katika bweni hili la zege simu haishiki mtandao hata uning'inie dirishani. Nimemwahidi, mbele ya korido nzima, kwamba usaili ataufanya akiwa kitini kwake. Akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, kama nina hakika. Nikamwambia hakika ni ya watabiri wa mvua. Mimi nina dhamira.

Jumanne, 5 Machi

Upelelezi umezaa matunda. Kebo imo bwenini tayari! Imejikunja ndani ya kisanduku chini ya ngazi, ya njano, kama nyoka aliyeshiba. Upande wa chumba cha mitambo imekwisha kuunganishwa. Swichi ya mtandao nayo imetundikwa, taa zake zinapepesa bila kazi. Yote yanangoja konekta mbili, vile vichwa vya kuungia kebo, kila moja sawa na kifuniko cha kalamu. Kwa kifuniko cha kalamu, watu mia na ishirini wanaishi gizani.

Nikamfuata Fundi wa mitandao karakanani. Mzee mtaratibu, anapangusa ncha ya konekta kama mama anayempangusa mwanawe pua. Nikadai ninafanya utafiti. Akanifundisha bila hila. Kebo ya njano, alisema, ina uzi wa kioo wenye njia nyembamba ya kupitisha mwanga, na konekta zake ni za buluu. Kebo ya rangi ya chungwa ina njia pana. Zake ni za kijivu. Njano kwa njano, chungwa kwa chungwa, basi. Nikamuuliza kama konekta ya kijivu haiingii kwenye kebo ya njano. "Itaingia, mwanangu," akasema. "Itaingia vizuri sana. Hapo ndipo balaa linapoanzia."

Ubaguzi wa rangi, ndani ya taasisi ya elimu ya juu! Kila mfumo wa ukandamizaji huanza kwa kuamua nani akae na nani.

Nikaomba konekta za buluu. Akasema zimehesabiwa, kila bweni na zake. Lakini kwenye ndoo ya taka mlangoni palikuwa na za kijivu, na vipande vya kebo ya chungwa vilivyong'olewa maabara. Mafukara wenzetu. Fundi alipoinama kutafuta miwani yake, nikawakomboa.

Jumatano, 6 Machi

Kutwa nzima chini ya ngazi. Fundi ana kisu maalumu cha kukatia kioo. Mimi nilikuwa na wembe. Konekta mbili za kwanza zilipasuka. Kichembe cha kioo kimezama katika kidole changu cha shahada na hakionekani kwa macho. Nimeteseka kwa ajili ya umma, na umma ukaniomba nisogee, wapite.

Itifaki akapita pia. Akatazama kebo ya njano, kisha ile ya chungwa niliyoiunga nayo hadi kwenye swichi. Akauliza kwa upole wake wa kuudhi: "Mwenyekiti mwenzangu, Fundi anajua?" Nikamjibu kwamba historia haiombi ruhusa. Akasema sawa, ila faiba labda huomba.

Saa kumi na moja jioni taa ya swichi ikawaka kijani. Ukurasa ukafunguka. Mhadhara wa video ukacheza mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Korido ikalipuka kwa shangwe, nikabebwa hadi bafuni na kurudishwa. Mpole peke yake hakushangilia. Alijaribu kutuma picha yake moja; ikazunguka, ikazunguka, ikagoma. Akasema, "Kaka, yanaingia lakini hayatoki." Nikamweleza kwamba mpokeaji ndiye mwenye uzembe. Shaka, nikamwonya, ni adui anayelala ndani ya nyumba.

Alhamisi, 7 Machi

Fundi amewaunganisha Bweni la Pili. Hakuna aliyeshangilia. Watu wasio na mapambano hawana hata furaha.

Mchana Itifaki akabisha hodi chumbani kwetu. Hakuja kwangu. Amempa Mpole chumba chake kwa asubuhi ya kesho: meza, kiti, mlango wenye kitasa. Mpole akashukuru mno. Nikaiona njama yote kwa mkupuo mmoja. Ushindi wa Bweni la Tatu ukafanyikie Bweni la Pili!

Sikumkataza. Mimi ni mwanademokrasia. Nilichofanya ni kuitisha kikao cha korido na kuleta azimio kwamba mwana wa bweni hili afanyie usaili katika bweni hili. Likapita kwa kauli moja. Mpole aliombwa aseme neno. Akatazama miguu yake, akasema kama wenzake wameamua, yeye ni nani.

Jioni alitoka uwanjani kumpigia mama yake. Mama amesema amwambie mwenyekiti wake kuwa anamwombea kwa wema wake. Nimeyanukuu hapa neno kwa neno, wajukuu wayakute.

Ijumaa, 8 Machi

Saa nne kamili. Watu arobaini koridoni, kimya, wengine wamevua viatu. Mpole amevaa shati langu jeupe. Wasaili watatu wakajitokeza kwenye kioo cha kompyuta, sura safi, sauti safi. Mama aliyeongoza jopo akamkaribisha kwa jina. Mpole akajibu vizuri, kwa utulivu.

Yule mama akasema hawamsikii.

Mpole akarudia. Akasogea. Akapunga mkono. Akaandika jina lake kwenye karatasi na kuinua mbele ya kamera. Wao wakaambiana kwamba picha imeganda, kijana amefumba jicho moja. Nikakimbia chini ya ngazi nikaibana kebo, nikailegeza, nikaibana tena. Juu, watu arobaini waliwasikia wasaili kila neno, hata kikombe kilipogonga kisahani. Wakasubiri dakika nane. Kisha yule mama akasema, kwa huruma, kwamba maskini pengine hana vifaa, aitwe anayefuata.

Mpole alikimbia hadi Bweni la Pili. Alipofungua, jopo lilikuwa na mtu mwingine. Baadaye likaja jibu: nafasi hazirudiwi.

Fundi akaletwa na Itifaki. Alichungulia kisanduku. Kisha akaeleza. Mwanga ukitoka njia nyembamba kuingia pana, unapita. Ukitoka pana kurudi nyembamba, karibu wote unamwagika njiani. "Umewapa masikio, mwanangu," akasema. "Mdomo hukuwapa."

Akatoa mfukoni konekta za buluu, za zamu yetu. Akakata, akapangusa, akafunga. Dakika kumi na mbili. Kila kitu kikaingia na kutoka. Alipokuwa anakusanya vifaa akaniuliza mbona sikumwambia kuna usaili. Angeanza na sisi tangu Jumanne. Nikamwambia yaliandikwa katika tamko, ukurasa wa saba. Akatikisa kichwa akaenda zake.

Jumamosi, 9 Machi

Mpole amehamia Bweni la Pili. Alikunja godoro lake mwenyewe, akafua shati langu, akalianika, akasubiri likauke, akalikunja na kuliweka kitandani. Nilimhutubia wakati wote huo. Mlangoni akageuka. "Kaka, sikuchukii," akasema. "Ila siku ukisikia nina jambo, tafadhali usinisaidie."

Nafsi iliyovunjwa na mfumo huongea hivyo.

Jumapili, 10 Machi

Siku ya tathmini. Nimechambua kushindwa kwetu bila woga na bila upendeleo, na nimepata sababu tatu. Kwanza, Fundi alificha maarifa kwa kuyasema polepole. Pili, Itifaki alituombea mabaya. Tatu, na linaniuma kuliandika, Mpole ana sauti ndogo. Angeipaza, wangemsikia.

Kuhusu konekta hakuna la kujifunza. Taa iliwaka kijani. Watu arobaini ni mashahidi.

Leo nimepita zahanati ya chuo. Jokofu la chanjo limezimika tangu jana. Muuguzi amehamishia chupa kwenye visanduku vya barafu, na anasema fundi wa majokofu atafika Jumanne, ni zamu yao. Zamu, tena! Nimelizunguka lile jokofu mara mbili. Nyuma kuna nyaya tano tu.

Ndugu wapiganaji, tukutane kesho, saa kumi alasiri, nyuma ya zahanati. Kila mmoja aje na bisibisi.