Siku Kumi na Mbili za Tumbaku

Jumatatu, 5 Mei 2025

Ijulikane kwa vizazi vijavyo kwamba leo, saa tatu kasoro robo asubuhi, hapa ofisini kwetu Mpanda mjini, nimetundika kalenda. Misumari miwili. Mmoja ungetosha, ila mtu wa mipango hafanyi mambo nusunusu.

Sababu ni hii. Mama Bernadetha, bosi wetu, anatafuta msimamizi wa kazi zote. Cheo atapewa atakayemaliza kazi yake ndani ya siku alizotaja mwenyewe. Tuko wawili: mimi na Skolastika. Yeye kapewa kutengeneza programu ya duka la pembejeo. Mimi, ya chama cha wakulima wa tumbaku Katumba: kila mkulima apate meseji ya siku yake ya kupima, wasije wote kwa mpigo. Wakulima 480, mzani mmoja, watu arobaini kwa siku.

Ni kazi ya siku nne. Nimesema kumi na mbili. Nikimaliza siku ya saba, nitaitwa hodari.

Skolastika kaulizwa zake, kaomba karatasi kwanza. Kaikata kazi vipande tisa, kila kimoja na saa zake, mpaka kipande cha kujaribu. Jumla siku tatu na nusu. Na nusu! Nani ataheshimu mtu mwenye nusu?

Jumanne, 6 Mei

Sijaanza. Ni sehemu ya mpango.

Mchana kaingia Mzee Gratien, mwenyekiti wa chama, vumbi la Katumba hadi kwenye nyusi. Kauliza siku. Nikamwambia kumi na mbili, kwa sura ya mtu aliyehesabu. Akacheka taratibu. Akasema ameshajengewa mabani matatu ya kukaushia tumbaku, na fundi akitaja siku yeye hugawa kwa tatu, maana fundi keshazidisha kwa tatu. Kagawa. Kapata nne. Akamwambia Mama Bernadetha kwamba Ijumaa anataka kuiona programu. Mama akaandika. Kwa peni!

Nne ndiyo niliyokuwa nayo moyoni. Na mbili kati yake nimeshazitumia kuitazama kalenda.

Jumatano, 7 Mei

Majina peke yake yamekula siku nzima. Daftari la chama lina akina Onesphore kumi na saba, na watatu kati yao wanatumia simu moja. Hili sikulikadiria.

Skolastika akapita, akauliza kama nimetenga muda wa kujaribu kwa namba za uongo. Nikamjibu nimetenga. Ni kweli. Dakika tano.

Alhamisi, 8 Mei

Skolastika kamaliza saa sita mchana, kama alivyoandika. Hana hata jasho. Inaudhi.

Mimi nimemaliza saa kumi jioni! Ikabaki ile ya kujaribu. Nikaandika: "Ndugu mkulima, leta tumbaku yako ghalani kesho saa mbili asubuhi." Nikabonyeza. Nilitarajia ije kwenye simu yangu. Haikuja. Skrini ikasema: zimetumwa 480.

Kwa hiyo programu inafanya kazi. Hilo lisisahaulike.

Nikaandika ya pili, kuwaomba waipuuze ya kwanza. Kifurushi cha meseji kikawa kimekwisha. Mzee Gratien hapatikani kwenye simu. Nimekadiria watakaoitikia: thelathini. Watu wana shughuli zao.

Ijumaa, 9 Mei

Wamekuja wote.

Baiskeli, bodaboda, mikokoteni ya ng'ombe. Foleni imetoka ghalani, ikafika shuleni, ikazunguka, ikarudi kwa upande wa pili. Mama mmoja, Suzana, aliyetembea tangu alfajiri, alininyooshea meseji kama mtu aliye mahakamani, akataka kujua aliyeandika hiyo saa mbili ni nani. Bibi Nyanzala aliyekuwa nyuma yake akamjibu kwamba ndiyo huyu mrefu, asiyejua tumbaku inabebwa na shingo. Mama Bernadetha alisimama karibu na mzani, akiandika kwa peni. Skolastika aligawa vikaratasi vya namba, kwa mkono, na watu walimtii.

Mzee Gratien akanivuta pembeni.

"Mwanangu, ulisema siku ngapi?"

"Kumi na mbili, mzee."

"Watu mia nne na themanini, arobaini kwa siku. Piga hesabu."

Nikapiga. Kumi na mbili.

"Basi safari hii sigawi," akasema, akaenda kuwaeleza wenzake.

Nilifarijika sana. Ni mtu wa kwanza kuyakubali makadirio yangu.

Jumatatu, 12 Mei

Skolastika ndiye msimamizi. Mama Bernadetha katangaza kwa sentensi moja, kisha akarudi kwenye simu, upande wa pili akiwa Mzee Gratien.

Nimekaa, nimetafakari, kosa langu nimeliona. Nilizidisha kwa tatu, na mzee anagawa kwa tatu. Hapo mtu unabaki na ukweli mtupu, na ukweli hauna pa kupumulia. Kuanzia leo ni mara tisa.

Fursa imekuja papo hapo. Skolastika kanipa kazi ya kwanza chini yake: programu iulize "Una hakika?" kabla ya kutuma chochote. Kauliza, kwa upole, itachukua siku ngapi. Ni kazi ya nusu siku. Nikamwambia nne na nusu. Akaandika, akasema asante, Osward.

Nikatoka kunywa chai ya saa nne. Niliporudi, alikuwa ameshaiweka mwenyewe.